Gia Ikivunjika Meno, Usitupe Mashine

Mpunga haungoji. Ukikosa maji wakati unatoa masuke, utavuna mapepe. Kila mkulima wa bonde la mto Ruvu analijua jambo hilo. Lakini je, unajua kwamba mpunga unaweza kuharibika kwa sababu ya meno mawili ya chuma yaliyovunjika mjini Bagamoyo, mbali na shamba?

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na maji. Sikuwa na habari na mambo ya karakana. Mwaka mmoja kikundi cha wakulima ninaowahudumia kilipata matatizo. Pampu yao ya kuvuta maji mtoni ilikatika shafti. Shafti ni chuma cha mviringo kinachozungusha feni ya pampu. Shafti ikikatika, injini inanguruma lakini maji hayaji.

Tulipeleka shafti kwa fundi mjini Bagamoyo. Fundi alikuwa na mashine kuukuu ya kukereza chuma. Alichukua chuma kipya, akakikereza vizuri, kikafanana na kile cha zamani. Ilibaki kazi ndogo tu. Kazi hiyo ni kuchonga hesi, yaani ile mistari inayozunguka ambamo nati hufungwa. Ghafla mashine ilipiga kelele, ikakwama. Gia moja ilikuwa imevunjika meno mawili.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mtu mzima. Aliniuliza, "Bwana shamba, sasa tufanyeje? Mpunga umeanza kutoa masuke."

Sikuwa na jibu. Mtu mmoja alisema kwamba mashine ile ni chuma chakavu, haifai tena. Mwingine alisema kiwanda kilichoitengeneza kilikwisha fungwa zamani, kwa hiyo gia yake haipatikani. Lakini fundi hakukata tamaa. Alisema, "Mashine haijafa. Imeng'oka meno tu. Nipeni rula na penseli."

Nilikaa naye nikajifunza. Leo nataka nawe ujue, maana siku moja huenda mashine ya kijiji chako ikapatwa na jambo hilo hilo.

KEREZO NI MASHINE GANI?

Kukereza si jambo geni kwetu watu wa pwani. Tangu zamani mafundi wetu wamekereza miguu ya vitanda vya samadari. Fundi alizungusha mti kwa kamba, huku ameuegemezea patasi. Mti ulizunguka, patasi ikala, na mguu wa kitanda ukatoka mviringo.

Kerezo la chuma hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Chuma hushikwa na taya imara na kuzungushwa na mota. Kisu kigumu huletwa taratibu, kikakila chuma. Tofauti ni kwamba kisu hakishikwi kwa mkono. Kinasukumwa na mashine yenyewe, kwa mwendo uliopimwa.

Nani anahitaji kerezo? Ni wewe, mkulima. Shafti ya pampu hukerezwa. Shafti ya mashine ya kusaga nafaka hukerezwa. Bushi za trekta na mikokoteni hukerezwa. Kerezo moja likisimama, vijiji vingi husimama.

KAZI YA GIA

Gia ni gurudumu lenye meno. Meno ya gia moja huingia katika nafasi za gia nyingine. Ya kwanza ikizunguka, ya pili nayo huzunguka.

Gia ndogo yenye meno 20 ikiizungusha gia kubwa yenye meno 40, ndogo itazunguka mara 2 wakati kubwa inazunguka mara 1. Ni hesabu ya kugawanya: 40 kwa 20 ni 2.

Sasa tazama hesi inavyochongwa. Ndani ya kerezo kuna skurubu moja ndefu. Ndiyo inayosukuma kisu. Katika mashine ya fundi wetu, skurubu hiyo ikizunguka mara 1, kisu husogea milimita 6. Sisi tulitaka hesi ya milimita 3. Kwa hiyo shafti izunguke mara 1, na skurubu ndefu izunguke nusu tu. Nusu ya 6 ni 3. Ndiyo maana fundi alitumia gia ya meno 20 na gia ya meno 40.

Kama angekosea akaweka gia ya meno 41, kila hesi ingepungua kidogo sana. Jicho lisingeona. Lakini zikifika hesi 10, upungufu ungekuwa karibu robo tatu ya milimita. Nati ingeanza kuingia, halafu ingekwama. Kazi yote ingekuwa bure.

Kwa hiyo idadi ya meno haikadiriwi. Huhesabiwa.

KWA NINI MENO YALIVUNJIKA?

Kabla ya kutengeneza gia, tafuta kwanza kilichoivunja. Usipofanya hivyo, gia mpya nayo itavunjika.

Fundi wetu alitazama katikati ya gia. Akaokota kipande cha bolti. Kifuniko cha gia kilikuwa kimeondolewa siku nyingi na hakikurudishwa. Bolti iliyokuwa mezani ilidondoka, ikaingia kati ya meno. Chuma kilikutana na chuma. Kilicho dhaifu kikavunjika.

Zipo sababu nyingine zinazovunja meno ya gia:

Kwanza, kubadilisha gia wakati mashine inazunguka. Meno yanagongana badala ya kuingiana.

Pili, kugonga kwa nyundo. Katika makerezo mengi ya zamani, kile kichwa chenye taya hufungwa kwa hesi. Huweza kung'ang'ania. Fundi mwenye haraka huzifunga gia zisizunguke, halafu hukigonga kichwa hicho kwa nyundo ili kifunguke. Nguvu yote ya nyundo huenda kwenye jino moja. Makerezo mengi yamepata pengo kwa njia hiyo.

Tatu, ukosefu wa oili. Meno makavu husagana. Yakisagika huwa membamba, na jino jembamba huvunjika upesi.

Nne, ni sisi wa pwani hasa. Upepo wa bahari una chumvi, na mchanga hupeperuka kila mahali. Chumvi huleta kutu. Mchanga ukichanganyika na oili huwa kama msasa. Karakana iliyo karibu na bahari lazima ifute mashine kila jioni na kuipaka oili.

HESABU MENO, KISHA PIMA

Zima mashine. Chomoa waya wa umeme. Usitie mkono kwenye gia kabla ya kufanya hivyo.

Toa gia iliyovunjika. Okota vipande vyote, hata vidogo. Ioshe kwa mafuta ya taa na kuisugua kwa brashi. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, halafu anza kuhesabu kutoka hapo. Penye pengo, hesabu vishina vya meno yaliyovunjika. Fundi wetu alihesabu meno 38 mazima na vishina 2. Jumla ni 40. Alihesabu mara tatu, na mimi nikahesabu mara moja.

Kisha pima upana wa gia kutoka ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili, ukipita katikati. Vernia ni bora kuliko rula. Yetu ilikuwa milimita 84.

Sasa ingia kwenye hesabu. Ni hesabu ya darasa la kisomo:

Chukua idadi ya meno, ongeza 2.
40 + 2 = 42

Gawanya upana kwa jibu hilo.
84 ÷ 42 = 2

Hiyo 2 ndiyo saizi ya jino. Mafundi huiita moduli. Gia mbili haziwezi kuingiana kama moduli zao ni tofauti, hata kama kwa macho zinafanana.

Mashine nyingi za zamani za Uingereza hazikupimwa kwa milimita. Zilipimwa kwa inchi, na hesabu yake hugeuzwa. Ongeza 2 kwenye meno, halafu gawanya jibu hilo kwa upana wa inchi. Mfano: gia ina meno 40 na upana wa inchi 2 na sehemu 5 za 8, yaani 2.625. Chukua 42 ugawanye kwa 2.625. Jibu ni 16. Hiyo ni saizi 16 ya inchi.

Utajuaje kama mashine ni ya milimita au ya inchi? Jaribu hesabu zote mbili. Ile inayoleta jibu zuri lisilo na vipande vipande, mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini kumbuka, hesabu hizi ni za gia zenye meno yaliyonyooka. Meno ya mshazari yana hesabu yake.

Andika pia unene wa gia, upana wa tundu la katikati, na upana wa mfereji wa kabari inayoifunga gia kwenye shafti. Andika kwenye daftari. Usiandike kwenye kiganja.

NJIA YA KWANZA: KUPANDIKIZA MENO

Njia hii ni ya haraka. Inafaa kama meno yaliyovunjika ni machache na gia haina kazi nzito.

Gia yetu ilikuwa ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hiki ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika. Hakipendi kupashwa moto ghafla, wala kupoozwa ghafla. Ukikipoza kwa maji hupasuka kama chungu.

Fundi alifanya hivi:

1. Alisawazisha vishina vya meno kwa tupa mpaka vikang'aa.

2. Alitoboa matundu madogo matatu kwenye kila kishina, akayakata hesi. Kisha akaingiza skurubu nyembamba za chuma. Skurubu hizi ni kama mambo tunazozichimbia ardhini kabla ya kukandika ukuta wa udongo. Hushika kile kinachokuja juu yake.

3. Aliipasha gia yote moto polepole. Halafu, kwa moto wa gesi, aliyeyusha shaba ya manjano juu ya skurubu mpaka ikawa tuta moja. Kazi hii aliifanya nje penye upepo, kwa sababu moshi wa shaba hiyo unadhuru mapafu.

4. Aliifukia gia ndani ya majivu makavu yenye joto, akaiacha humo usiku kucha ipoe yenyewe.

5. Asubuhi aliifunga kwenye jiliwa. Alikata kipande cha bati kwa umbo la meno mazima, kikawa kipimo chake. Akachonga lile tuta kwa tupa. Akajaribu kipimo, akachonga tena. Kazi ya tupa ilichukua siku nzima.

6. Mwisho alichanganya masizi ya taa na oili kidogo, akayapaka meno ya gia nyingine. Alizungusha gia kwa mkono. Penye alama nyeusi ndipo jino jipya lilipogusa kwa nguvu. Hapo akapunguza kidogo kidogo, mpaka alama zikaenea sawasawa.

Haraka haraka haina baraka. Ukichonga jino likawa jembamba kupita kiasi, huwezi kulirudishia.

NJIA YA PILI: KUKATA GIA MPYA

Jino la kupandikizwa ni msaada wa kuvukia. Gia ya kazi nzito, au iliyovunjika meno mengi, ni vizuri ikatwe mpya.

Kazi hii inataka mashine ya kukatia meno, na kifaa cha kugawanya duara. Kifaa hicho kina mkono wa kuzungusha. Katika vifaa vingi, ukiuzungusha mkono huo mara 40, gia huzunguka mara 1. Kwa gia ya meno 40, fundi hukata nafasi moja, huzungusha mkono mara 1 kamili, kisha hukata nyingine. Kwa gia ya meno 32, huzungusha mara 1 na robo.

Gia yetu ilihitaji duara la chuma lenye upana wa milimita 84. Kina cha nafasi kati ya meno ni moduli mara 2 na robo. Kwa hiyo 2 mara 2.25 ni milimita 4.5.

Jambo moja linasahauliwa sana. Meno hayana mlalo mmoja. Gia nyingi za zamani za Uingereza zina mlalo wa digrii 14 na nusu. Gia nyingi za baadaye zina digrii 20. Zikichanganywa hupiga kelele na kulana. Kwa hiyo usipeleke vipimo peke yake. Peleka gia iliyovunjika, vipande vyake, na gia inayoingiana nayo. Fundi atalinganisha.

Wapi pa kwenda? Kutoka Bagamoyo mpaka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 65. Huko Gerezani na Vingunguti kuna mafundi wengi wa vyuma. Shirika la SIDO lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kusaidia viwanda vidogo. Vyuo vya VETA, vilivyowekewa sheria mwaka 1994, hufundisha vijana ufundi, na kukereza chuma ni mojawapo. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam nayo ina historia ndefu. Ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, ikawa taasisi mwaka 1997. Kaulize huko kabla ya kuuza mashine yako kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

KARATASI KATI YA MENO

Iwe gia imepandikizwa meno au imekatwa mpya, bado inaweza kuvunjika kama itafungwa vibaya. Gia zikibanana sana hujikwangua na kupata joto. Zikiachana sana hugongana.

Fundi wetu alichana kipande cha karatasi ya daftari. Alikiweka kati ya meno ya gia mbili, akazisukuma zikutane, akakaza bolti. Kisha alizungusha gia kwa mkono. Karatasi ilitoka upande wa pili imekunjwakunjwa lakini haikukatika. Nafasi ya unene wa karatasi ndiyo inayotosha kwa gia kama hizi. Baadaye alipaka oili, akarudisha kifuniko.

Ndiyo, kifuniko. Alikikuta nyuma ya mlango, kimejaa vumbi.

TULIVYOMALIZA

Fundi aliwasha mashine kwa mwendo mdogo. Alikula chuma kidogo kidogo. Meno ya shaba yalistahimili, na hesi ikakamilika. Tuliijaribu nati kwa vidole, ikaingia mpaka mwisho. Mama mwenyekiti aliifungua na kuifunga mara mbili ndipo akaamini.

Pampu ilivuta maji siku ya tisa tangu ilipokatika. Sitakuficha, hatukuokoa mpunga wote. Majaruba ya juu, yale yaliyo mbali na mto, yalitoa mapepe. Majaruba ya chini yalipona. Kama kifuniko cha gia kingekuwa mahali pake, tungeokoa siku tatu, na pengine yote yangepona.

Baada ya mavuno fundi alikatiwa gia mpya ya chuma Dar es Salaam. Ile yenye meno ya shaba hakuitupa. Ameitundika ukutani kama akiba.

Kikundi nacho kilipata funzo. Sasa kina shafti ya akiba iliyokwisha kerezwa, imepakwa grisi na kufungwa kwenye gunia stoo. Kina daftari lenye vipimo vya kila kipuri cha pampu. Aliyeyaandika ni kijana wa kikundi aliyejifunza kusoma ukubwani. Ndugu msomaji, hiyo ni kazi moja ya kusoma na kuandika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Zima mashine na chomoa waya kabla ya kugusa gia. Usivae nguo inayopepea karibu na mashine. Kanga, shuka au mkono mrefu wa shati huweza kukuvuta.

2. Tafuta sababu ya kuvunjika kabla ya kutengeneza.

3. Okota vipande vyote. Hesabu meno na vishina zaidi ya mara moja.

4. Upana gawanya kwa meno ongeza 2. Hiyo ndiyo saizi ya jino kwa milimita.

5. Chuma cha kumiminwa kipashwe moto polepole, kipoe polepole ndani ya majivu makavu. Usikimwagie maji.

6. Rudisha kifuniko.

HESABU YA KUJARIBU

Mashine ya kusaga ya kijiji imevunjika gia. Gia ina meno yaliyonyooka. Ukihesabu unapata meno mazima 27 na vishina 3. Upana wake ni milimita 96. Je, gia ina meno mangapi, na saizi ya jino lake ni ngapi?

Fanya hesabu hii kwenye daftari kabla ya kusoma jibu. Mweleze na jirani yako.

Jibu: Meno ni 30. Ongeza 2, unapata 32. Gawanya 96 kwa 32. Saizi ya jino ni 3.